Kiswere Ijipime Kabla ya Msimu: Namna Kijiji cha Pwani Kinavyoweza Kukadiria Hatari ya Maafa

Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, macho ya nchi nzima yalielekezwa baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mfululizo, vyombo vya usafiri majini vikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kimbunga kilifika Mafia tarehe 4 kikiwa kinaishiwa nguvu, na wengi wakashusha pumzi. Kumbe mvua yake ilikuwa haijamaliza kazi. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa ndani ya Wilaya ya Kilwa, zikiwamo Somanga Mtama na Mikereng'ende. Kwa siku kadhaa abiria walikwama njiani, na malori ya bidhaa na mafuta yakapanga foleni pande zote mbili. Aprili 2025 njia ilikatika tena pale pale Somanga Mtama, na safari hiyo hakukuwa na kimbunga.

Kwa kijiji kama Kiswere, ndani ya wilaya hiyo hiyo, kuna la kujifunza hapo. Jambo lililoogopwa na kila mtu lilipita, madhara yakaja kwa mlango mwingine. Kijiji kisichokaa kitako kikajipima kitajiandaa kwa kile kinachotangazwa redioni peke yake, nacho kitakutwa na kingine.

Hebu tuitazame Kiswere ilivyokaa. Iko pwani, mashariki ya barabara kuu, kwenye ghuba iliyoingia ndani ya nchi na kuzungukwa na mikoko. Upande wa kaskazini, kabla hujafika Kilwa Masoko yaliko makao makuu ya wilaya, kuna Mto Mavuji. Upande wa kusini, kabla ya kuingia upande wa Lindi, kuna Mto Mbwemkuru. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, anategemea daraja. Gunia la unga linalotoka mjini linategemea daraja. Maji yakipanda kaskazini na kusini kwa wakati mmoja, kijiji kinageuka kisiwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari namba moja ya Kiswere, nayo haimo katika orodha nyingi za majanga kwa sababu haina jina la kutisha.

Anzeni na kumbukumbu

Kazi ya kukadiria hatari haianzi na kompyuta. Inaanza barazani, kwa wazee. Pwani ya Lindi ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule sasa amevuka themanini, na kila mwaka unaopita tunazika mashahidi. Nendeni kwao mapema, mkawaulize kwa adabu na kwa subira. Ukimuuliza mzee tarehe, hatakupa. Muulize: "Shikamoo babu. Mwaka ule wa upepo mkubwa, maji yalifika wapi? Mti gani ulibaki umesimama? Watu walikimbilia wapi?" Mzee atakumbuka kwamba ilikuwa kabla ya Uhuru, au baada ya Operesheni Vijiji, au mwaka alipozaliwa fulani. Andikeni hivyo hivyo, miaka itapangwa baadaye. La muhimu ni mahali: mwembe upi, kisima kipi, msikiti upi.

Msiwasahau akina bibi. Wao ndio huchota maji, huenda mwambani kuchokoa pweza maji yakipwa, na hulima mabondeni, kwa hiyo wanajua kisima gani huingia chumvi na bonde gani hufurika kwanza.

Baada ya hapo wekeni pembeni yaliyotokea karibu nasi miaka hii. Januari 2020 mafuriko yaliikumba Kilwa vibaya: Njinjo, Kipindimbi, Nanjirinji na vijiji vingine. Watu walikufa, maelfu wakapoteza makazi, wengine wakaokolewa kutoka juu ya miti na mapaa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitangazwa kuelekea Mtwara na Lindi, kikaishia kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania kikafifia kabla hakijaleta maafa. Nyuma kabisa, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kiliharibu vibaya mji wa Unguja na mashamba ya mikarafuu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Ni kweli kwamba Madagaska hutukinga, na kwamba karibu na ikweta vimbunga hushindwa kujizungusha. Lakini Kiswere iko zaidi ya nyuzi 9 kusini ya ikweta, na orodha hiyo inaonyesha kwamba kinga yetu ina matundu, hasa Aprili na mwanzoni mwa Mei.

Pimeni maji kwa macho yenu

Mkishakusanya kumbukumbu, choreni ramani. Haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Kusanyikeni mahali penye kivuli, choreni kijiji chini kwa majivu: ufukwe, mikoko, njia, vijito, visima, shule, zahanati, misikiti, mashamba. Wekeni kokoto kila mahali ambapo maji yaliwahi kufika, na vifuu kwenye nyumba za watu wasioweza kukimbia. Watu watabishana, na mabishano hayo ndiyo yenye faida, kwa maana kila mmoja anaona upande wake. Mkikubaliana, kijana mmoja anayechora vizuri aihamishie kwenye karatasi kubwa, na mwingine aipige picha kwa simu ili isipotee.

Halafu tembeeni. Hapa naomba tuchukue muda, kwa sababu ndipo vijiji vingi vinapokosea. Ramani ya majivu inaonyesha mahali, haionyeshi kimo. Na kwa maji, kimo ndicho kila kitu.

Subirini bamvua kubwa. Kila mwaka bamvua za Machi na Aprili, na za Septemba na Oktoba, hupita nyingine zote. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakijaa kabisa, pigeni vigingi kando ya mstari yalipofika: ufukweni, kwenye mikono ya mikoko, na kila mahali maji ya chumvi yanapopenya nyuma ya nyumba. Hicho ndicho kipimo chenu cha chini. Kisha tafuteni fundi mwashi mwenye ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wanaotumia kusawazisha msingi. Jazeni maji, toeni viputo vyote vya hewa, shikilieni ncha moja kwenye kigingi na nyingine kwenye mti ulio mbele. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili. Tieni alama, sogeeni mbele, rudieni. Kwa asubuhi moja mtajua sakafu ya zahanati iko juu ya bamvua kwa kiasi gani, na pia shule, na nyumba za karibu na mikoko. Sakafu iliyo juu ya bamvua kwa chini ya mita moja ihesabiwe kuwa hatarini. Iliyo chini ya mita mbili iwekwe kwenye uangalizi.

Kwa nini tunahangaika na mwezi? Pwani yetu maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi wakati wa bamvua. Upepo mkali wa kimbunga husukuma bahari juu ya kimo hicho. Kimbunga kikifika maji yakiwa yamekupwa au wakati wa maji mafu, bahari inaweza isivuke hata ufukwe. Kimbunga hicho hicho kikija maji yakiwa yamejaa siku ya bamvua, kitaingia majumbani. Hidaya ilifika Mafia mwezi 25 Mfungo Mosi, maji yakiwa madogo. Ingechelewa siku nne au tano, ingekutana na bamvua la mwezi mwandamo. Basi taarifa ya kimbunga ikitoka, mtu wa pwani anayo hesabu yake ya kuongeza juu ya ile ya TMA: mwezi uko ngapi, na maji yatajaa saa ngapi?

Mto una tabia tofauti. Mbwemkuru hukusanya maji yake mbali bara, upande wa Nachingwea na Ruangwa, kwa hiyo Kiswere inaweza kuamka na jua zuri huku mafuriko yako njiani. Hakuna kipimo kitakachowasaidia kuliko namba za simu za watu wanaoishi juu ya mto. Kamati iwe na watu wawili au watatu katika vijiji vya juu, wakubaliane kwamba maji yakifika kwenye alama fulani simu ipigwe, hata usiku wa manane. Kwa upande wenu simikeni mti ulionyooka, wenye mistari ya rangi kila nusu mita, mahali ambapo mto au kijito unaonekana bila kuukaribia. Mtoto anayesoma darasa la nne anaweza kuandika kimo kila asubuhi. Baada ya misimu miwili mitatu mtakuwa na daftari ambalo hata wahandisi wa barabara watalitafuta.

Nyumba, na watu walio ndani yake

Maji yale yale yakipita kijijini huacha nyumba moja na kuangusha ya jirani. Simama kwenye kona ya nyumba ya miti na udongo, inama, chokoa kidogo udongo pale nguzo inapozama ardhini. Mara nyingi juu nguzo ni nzima, imepakwa vizuri, lakini chini mchwa wameimaliza na imebaki ganda. Nyumba hiyo itasimama miaka mitano bila tatizo, halafu maji ya mguu mmoja yatailaza kwa usiku mmoja. Angalia pia paa. Bati lililopigwa misumari kwenye mbao, lakini mbao zenyewe zimeegeshwa tu juu ya ukuta bila kufungwa kwa waya hadi kwenye nguzo, litaondoka zima zima upepo ukiingia chini yake. Makuti hupeperuka kirahisi zaidi, ila hayakati mtu. Bati linaloruka huua. Nayasema haya kwa sababu watu huhamia bati wakidhani tayari wamepata usalama, wakati usalama wa paa uko kwenye fungo. Miembe na minazi iliyoinamia nyumba ikatwe matawi au iondolewe mapema. Waya wa kufungia na panga ni gharama ndogo.

Pitieni nyumba kwa nyumba na kuzitia katika makundi matatu: itahimili, ina shaka, haitahimili. Fanyeni hivyo kwa heshima. Hakuna anayependa kuambiwa mbele ya majirani kwamba nyumba yake ni mbovu, kwa hiyo anayeingia awe mtu anayekubalika, na maandishi yabaki kwa mtendaji wa kijiji.

Hapo hapo hesabuni watu. Daftari la wakazi litawapa idadi, lakini mtu wa kumwokoa huenda hayumo. Wavuvi wa dago, waliokuja na ngalawa zao kutoka mbali na kujenga vibanda vya makuti kando ya bahari, mara nyingi hawamo daftarini. Hawajui njia za kukimbilia na hawana ndugu wa kuwafuata. Wakulima waliohamia mabondeni kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ngedere, wanaolala kwenye madungu Januari na Februari, wanahesabiwa kijijini wakati hawako kijijini. Mafuriko ya mwanzo wa mwaka huwakuta huko. Kila kitongoji kiandike nani yuko shambani, bonde gani, na nani atamfuata. Ongezeni wajawazito waliokaribia kujifungua, wazee wasiotembea, wasioona, wasiosikia, na wanaotumia dawa kila siku. Mbele ya kila jina liandikwe jina la mtu mwenye nguvu aliyekubali kwa kinywa chake kumbeba.

Visima navyo vihesabiwe kama nyumba. Baada ya maji ya mafuriko kupita juu ya vyoo, kinachoua ni kuhara na kipindupindu. Andikeni kisima kipi kiko chini ya vyoo, kipi kina ukingo wa saruji, na kipi kitabaki salama ili kilindwe.

Kupanga majanga kwa uzito

Sasa mna habari nyingi, nazo zinahitaji kupangwa. Njia inayotumika sana duniani ni rahisi. Kila janga lipewe alama 1 hadi 5 kwa namna linavyojirudia, na alama 1 hadi 5 kwa madhara yake likija. Zidisheni. Wanakijiji wanaweza kupiga kura kwa mbegu za korosho, wanawake na wanaume kila kundi kivyake kwanza, kisha mlinganishe. Tofauti ya makundi hayo mawili itawafundisha mengi.

Nikikadiria kwa ninachokijua cha ukanda huu, mafuriko ya mito pamoja na kukatika kwa njia yatakaa juu: yanajirudia na yanaumiza. Bahari kula ufukwe hufuata. Haiui ghafla, lakini haipumziki. Kule Kilwa Kisiwani magofu yaliwekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mawimbi yalikuwa miongoni mwa sababu. Kila pengo linalokatwa kwenye mikoko kwa boriti na kuni za kuchomea chokaa ni mlango unaofunguliwa kwa bahari, kwa hiyo mapengo hayo yaonekane kwenye ramani. Mvua kuchelewa au kukatika katikati ya msimu kutawaumiza wakulima wa mahindi na mpunga. Kimbunga kitapata alama ndogo ya kujirudia na kubwa kabisa ya madhara.

Hapo ndipo pa kuwa waangalifu na hesabu ya kuzidisha. Janga adimu linaloweza kufuta kijiji litaonekana lina uzito sawa na kero ya kila mwaka, na watu wataliacha. Mimi naona kila janga lililopata 5 kwa madhara liandaliwe hata kama alama ya kujirudia ni 1.

Tsunami ni mfano wake. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalisafiri saa nyingi yakafika Afrika Mashariki mchana. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wengi waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Maji yalikuwa hayajajaa. Yangekuwa yamejaa tungelia zaidi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha habari za tabaka la mchanga wa bahari lililokutwa Pangani pamoja na mifupa ya watu, ushahidi wa tsunami ya miaka ipatayo 1,000 iliyopita. Na Agosti 12 mwaka huo huo tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari kusini mashariki ya Dar es Salaam. Maandalizi yake hayana gharama: kila anayekwenda mwambani ajue kwamba maji yakikimbia kwa ghafla wakati si wake wa kupwa, au ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, aache pweza, aache samaki wanaorukaruka mchangani, akimbilie mlimani bila kungoja tangazo.

Taarifa za TMA zisomwe hivi

Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na TMA hutoa mwelekeo wake kabla haujaanza. Kwa hali mbaya ya siku chache zijazo hutumia rangi. Njano ni angalizo: fuatilia, rudisha mifugo karibu. Machungwa ni tahadhari: walio mabondeni watoke, vyombo vivutwe juu, mbali na vigingi vyenu vya bamvua. Nyekundu ni tahadhari kubwa: wasioweza kukimbia wahamishwe sasa, kukiwa bado na mwanga. Tangazo la rangi huja kwa mkoa mzima. Ramani yenu ndiyo itakayosema ni nyumba zipi. Tangazo lisomwe misikitini na kupigiwa mbiu, maana simu huzima chaji na minara huzimika. Redio moja ya betri iwe kwa mwenyekiti, nyingine kwa wavuvi.

Mwisho rudini kwenye ile hatari ya kugeuka kisiwa, na muiwekee idadi ya siku. Njia ikikatika leo, unga uliopo madukani utafika siku ngapi? Dawa za zahanati je? Mafuta ya boti? Nani ana boti inayoweza kumpeleka mjamzito Masoko kwa bahari, na bahari ya kusi itamruhusu? Mkipata chini ya siku saba, hilo ndilo pengo la kwanza kuziba: akiba ya nafaka mahali palipo juu, dawa za kutibu maji, mafuta yaliyofungwa vizuri, na boti moja yenye makubaliano ya maandishi na mwenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia Taifa hadi kijiji na mtaa, hivyo kazi hii ina mwenyewe kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni jambo hili liwe ajenda katika mkutano wa mwisho kabla ya Novemba, ramani itundikwe ofisini, nakala ipelekwe kwenye kata na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, na kila nyumba iandike mlangoni namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Kama kijiji chenu hakijawahi kuiona kamati yake ya maafa, muulizeni mtendaji wiki hii wajumbe ni akina nani.